Maisha ya Daktari Aggrey

Katika Kariakoo, mjini Dar es Salaam, upo mtaa uitwao Aggrey. Siku chache kabla ya shule kufunguliwa nilipita hapo pamoja na mjomba wangu, tukitafuta tranka na ndoo ya kuja nayo bwenini. Njia nzima mjomba alikuwa akinionya, kama alivyonionya likizo nzima, kwamba nisichague masomo ya sanaa nitakapojaza fomu ya kidato cha tano. Alisema kuwa historia na lugha ni masomo ya kupendeza, lakini hayampi mtu kazi. Afadhali udaktari au uhandisi, maana mwenye elimu hiyo kazi yake yajulikana kwa jina. Mimi, kwa kutaka kubadili mazungumzo, nikamwuliza Aggrey alikuwa nani. Mjomba hakujua. Mwenye duka la matranka hakujua. Kijana mmoja wa mkokoteni alisema huenda alikuwa Mjerumani.

Nilipofika shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa historia. Alicheka sana habari ya huyo Mjerumani, kisha akanielekeza pa kutafuta katika maktaba. Basi, wasomaji wapenzi, haya nitakayowasimulia ndiyo niliyoyapata.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba, 1875, katika mji wa Anomabu, ulio pwani ya nchi iliyoitwa wakati ule Gold Coast, nayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Kabila lake ni Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa chifu. Kwa desturi ya watu wale chifu hasemi na watu moja kwa moja barazani. Hunena kwa kinywa cha msemaji wake, na msemaji huyapanga maneno yakawa na adabu na nguvu, yasilete ugomvi pasipo sababu. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika nyumba ambamo kusema vizuri ilikuwa kazi ya mtu mzima mwenye heshima.

Alitiwa katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Cape Coast, akaonekana kuwa na bidii kupita kiasi. Alipokuwa na umri kama wetu, pengine na kupungua, alikwisha kupelekwa kijijini kuwafundisha watoto wadogo. Baadaye akarudi kufundisha Cape Coast. Mchana alifundisha, na usiku alisoma mwenyewe kwa mwanga wa taa. Alisaidia pia kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kifante. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilipotaka kutunga sheria ya kuitawala ardhi ya wenyeji, wazee na wasomi wa pwani walianzisha chama cha kutetea haki zao, wakatuma wajumbe mpaka London, na ile sheria ikaachwa. Aggrey alikuwa miongoni mwa vijana waliokitumikia chama hicho. Hapo aliona kwa macho yake kwamba barua iliyoandikwa sawasawa, kwa lugha ya mtawala mwenyewe, yaweza kuokoa mashamba ya watu.

Mwaka 1898 alikuja askofu mmoja mweusi, John Bryan Small, mzaliwa wa Barbados, wa kanisa la Wamarekani weusi liitwalo African Methodist Episcopal Zion. Alikuwa akitafuta vijana wa kwenda kusoma Marekani. Aggrey akakubali, akapanda meli mwezi wa Julai mwaka huo huo.

Chuo alichokwenda kiko katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina, nacho huitwa Livingstone College. Jina hilo ni la yule yule Livingstone ambaye maiti yake ilichukuliwa na watumishi wake mpaka Bagamoyo. Chuo hicho kilianzishwa na kuongozwa na watu weusi, katika nchi ambamo utumwa ulikuwa umekoma mwaka 1865 tu. Hapo Aggrey alisoma Kilatini, Kiyunani, Kiingereza, historia, falsafa na mambo ya dini. Katika orodha hiyo hamna somo hata moja ambalo mjomba wangu angelitia sahihi. Mwaka 1902 akapata shahada yake ya kwanza ya sanaa, tena kwa sifa.

Sasa yafaa tuulize, kijana huyu aliyejaa Kiyunani alipata kazi gani? Chuo kilimwomba abaki kufundisha, naye akabaki. Alifundisha lugha na masomo mengine, akashika pia kazi ya msajili na mambo ya fedha ya chuo, kwa kuwa vyuo maskini humpa mtu mmoja kazi za watu watatu. Mshahara ulikuwa mdogo. Alimwoa Bibi Rose Douglass, mwenyeji wa Virginia, nao wakajaliwa watoto wanne. Alikuwa amekwenda Marekani kwa nia ya kurudi kwao upesi. Hata alipokanyaga tena ardhi ya nchi yake ilikuwa imepita miaka 22. Kwa maoni yangu hilo ni jambo zito, wala sitaki kulificha ili habari yake ipendeze zaidi.

Lakini sehemu ya maisha yake iliyonivutia kuliko zote ni ile isiyosimuliwa sana. Mwaka 1914 alipewa kuchunga makanisa mawili madogo ya mashamba, nje ya Salisbury. Waumini wake walikuwa wakulima weusi, wengi wao maskini. Katika majimbo yale ya kusini mkulima wa pamba alikuwa akikopa mbegu, mbolea na chakula dukani kabla ya mavuno, kwa bei ya juu kuliko ya fedha taslimu, akiweka rehani zao ambalo bado halijaota. Alipovuna, zao lote liliingia katika deni, na mwaka uliofuata akaanza kukopa upya. Msomi wa Kilatini angeweza kuwahubiria watu hao juu ya subira akaondoka zake. Aggrey hakufanya hivyo. Wakati wa likizo alikuwa akienda New York, katika Chuo Kikuu cha Columbia, kusoma elimu ya jamii, saikolojia, na hata lugha ya Kijapani. Na aliyoyasoma juu ya jamii aliyarudisha kwa wakulima wake. Aliwasaidia kuanzisha chama cha kuweka na kukopa, ili senti za kila mmoja zikusanywe pamoja, na mkulima akope kwa wenzake badala ya kukopa dukani. Sisi ambao wazazi wetu wamelipa ada zetu kwa mikopo ya vyama kama hivyo hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mtu hakuajiriwa kuifanya kazi hiyo, wala haikuandikwa katika shahada yake. Aliiona kwa sababu alikuwa amezoea kusoma habari za watu na kujiuliza kwa nini wako kama walivyo.

Mwaka 1920 ndipo mlango mkubwa ulipofunguka. Shirika la Phelps-Stokes la New York lilikuwa likituma tume kuchunguza elimu katika Afrika, chini ya Dakta Thomas Jesse Jones. Walimtaka mtu awezaye kuongea na magavana asubuhi, na machifu mchana, na watoto wa shule jioni, akasikilizwa na wote. Wakamchagua Aggrey, naye akawa Mwafrika pekee katika tume ile. Mwaka 1920 na 1921 walizunguka Afrika ya Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Mwaka 1924 ikaja safari ya pili, nayo ndiyo iliyowafikisha kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kisha wakaendelea kusini.

Alipopita, watu walikusanyika kwa wingi kumsikiliza. Hakuwa mwenye majivuno, naye alipenda mifano. Mfano wake mmoja ulikuwa wa kinanda: mpigaji aweza kupata sauti fulani kwa vibao vyeupe peke yake, na sauti nyingine kwa vibao vyeusi peke yake, lakini wimbo kamili wahitaji vyote viwili. Mwingine ulikuwa wa tai aliyelelewa na kuku mpaka akajidhani kuku, asijue mabawa yake ni ya nini. Huu wa pili ulienea sana, hata mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Dar es Salaam alionana na Bwana Kleist Sykes, mtu wa Kariakoo aliyekuwa zamani askari wa Wajerumani, wakazungumza juu ya haja ya Waafrika kuwa na chama chao. Mwaka 1929 Bwana Sykes akawa mmoja wa waasisi wa African Association, chama ambacho mwaka 1954 kiligeuzwa kuwa TANU. Kumbe yule kijana wa mkokoteni alikuwa amesimama na mzigo wake mahali penye habari kubwa namna hii!

Hata hivyo liko jambo moja katika tume ile ambalo tumelijadili sana bwenini, wala hatukupatana. Dakta Jones na wenzake walipendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijiji: kilimo, ufundi, afya na malezi ya nyumba. Mambo hayo ni mema. Lakini Jones alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1917 juu ya shule za Wamarekani weusi, akivilaumu vyuo vyao kwa kushikilia mno masomo ya vitabu, na Mmarekani mweusi mashuhuri, W. E. B. Du Bois, alimpinga vikali. Na Aggrey je? Yeye alikuwa tunda la Kilatini na Kiyunani, tena akazunguka Afrika pamoja na tume iliyosifu jembe. Wenzangu wengine wasema alitumiwa. Mimi naona kwamba alitaka yote mawili, mikono na kichwa, wala hakukubali moja liwe la Mwafrika na jingine la Mzungu. Lakini nakiri kwamba angeweza kusema wazi zaidi. Pengine msemaji wa chifu hujifunza mno kuyalainisha maneno.

Jibu lake la wazi ni kazi aliyoifanya baadaye. Gavana wa Gold Coast, Sir Gordon Guggisberg, alikuwa akijenga shule kubwa mahali paitwapo Achimota, karibu na Accra, ambapo mtoto wa Kiafrika angesoma tangu madarasa ya chini hata masomo ya chuo kikuu. Mkuu wake alikuwa Mwingereza, A. G. Fraser, na mwaka 1924 Aggrey akateuliwa kuwa msaidizi wa makamu wa mkuu. Alishikilia kwamba wasichana wasome hapo pamoja na wavulana, kwa kuwa mama aliyesoma huisomesha nyumba nzima. Baadhi ya wazee wa pwani walikuwa na shaka: walidhani shule hiyo ya serikali itawapa watoto wao elimu ya chini. Aggrey akaenda kuzungumza nao, mji kwa mji, kwa Kifante na kwa Kiingereza. Shule ikafunguliwa rasmi mwezi wa Januari, 1927. Alama yake ni vibao vya kinanda, vyeupe na vyeusi.

Watu walimwita Daktari kwa shahada ya dini aliyoipata mwaka 1912. Lakini ile aliyoitamani ni ya udaktari wa Columbia, ambayo kazi zake zilimkatiza mara nyingi. Katikati ya mwaka 1927 akachukua likizo, akaenda New York kuimaliza tasnifu yake. Hakuimaliza. Aliugua ghafla, akafariki tarehe 30 Julai, 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Salisbury, katika mji wa chuo chake.

Miongoni mwa vijana aliowavuta ni Nnamdi Azikiwe, aliyemsikia akihubiri Lagos mwaka 1920, akasafiri kwenda Marekani mwaka 1925, na mwaka 1963 akawa rais wa kwanza wa Nigeria. Mwingine ni Kwame Nkrumah, aliyekuwa akisomea ualimu Accra wakati Aggrey alipofariki. Mwaka 1935 naye akaondoka kwenda Marekani, akasoma uchumi na elimu ya jamii. Na habari zake zilizobaki mwazijua.

Fomu za tahasusi zatakiwa kwa mwalimu wa taaluma wiki ijayo. Mimi yangu nimekwisha kuijaza: Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nilikusudia kumwambia mjomba siku ya wazazi, lakini kama amelisoma gazeti hili kabla ya siku hiyo, basi amekwisha kujua.