Nishani ya Lettow-Vorbeck na Mabega ya Wapagazi



Mwezi wa Novemba Kanisa linatualika kuwaombea marehemu wote, wale tunaowakumbuka kwa majina na wale ambao hakuna tena anayewataja. Kwa sisi watu wa Ruvuma, mwezi huu una kumbukumbu nyingine ambayo hatuizungumzii sana. Tarehe 4 Novemba 1916 kamanda wa jeshi la Wajerumani katika nchi yetu alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Prussia. Tarehe 25 Novemba 1917 aliuvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyohiyo ya Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, msimamizi wa wanafalsafa, alikabidhi silaha. Jina lake ni Paul von Lettow-Vorbeck. Tunasimulia maisha yake kwa kufuata nishani zake, tukiwa na swali moja: nishani inamsema nani, na inamnyamazia nani?

Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis tarehe 20 Machi 1870, katika ukoo wa maofisa wa jeshi. Mwaka 1900 alipelekwa China. Kuanzia mwaka 1904 alikuwa katika nchi ambayo leo ni Namibia, akitumika chini ya Jenerali Lothar von Trotha katika vita dhidi ya Waherero na Wanama. Ujerumani yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba yaliyofanyika kule yalikuwa mauaji ya kimbari. Katika vita hivyo alijeruhiwa na kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Januari 1914 alifika Dar es Salaam kuongoza jeshi la koloni.

Miezi saba baadaye vita vilianza Ulaya, na ziwa letu lilikuwa kati ya mahali pa kwanza kuvisikia huku Afrika. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, ilivuka Ziwa Nyasa hadi Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na kuipiga mizinga meli yao, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa hata na habari kwamba vita vimetangazwa. Hivyo ndivyo vita vya wafalme wa Ulaya vilivyoingia katika mwambao wa wavuvi.

Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni liepushwe na vita. Lettow-Vorbeck alifikiri vingine. Alijua hawezi kushinda, lakini aliamini kwamba kila askari wa Uingereza atakayevutwa kuja Afrika Mashariki ni askari aliyepungua katika vita vya Ulaya. Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, askari wake wapatao 1,000 waliwarudisha baharini maadui karibu 8,000. Tangu siku hiyo jina lake lilivuma.

Nishani zilimfuata hadi porini. Machi 1916 meli ya Marie ilipenya kizuizi cha manowari za Waingereza ikatia nanga Sudi, karibu na Lindi. Ilileta silaha na risasi, na pamoja navyo misalaba ya chuma kwa Lettow-Vorbeck na kwa mabaharia wa manowari Königsberg, na nishani kadhaa kwa askari Waafrika. Lakini hata katika kuheshimu palikuwa na madaraja: Msalaba wa Chuma kwa kawaida ulikuwa wa Wajerumani, na askari mweusi alipewa medali ya aina yake. Walipigana bega kwa bega, wakavishwa heshima mbalimbali.

Kisha ikaja nishani kubwa, Pour le Mérite. Ni msalaba wa buluu unaovaliwa shingoni, ulioanzishwa na Mfalme Frederick wa Prussia mwaka 1740 kwa jina la Kifaransa lenye maana ya tuzo kwa anayestahili. Tangu mwaka 1842 kulikuwa pia na nishani ya raia yenye jina hilohilo, kwa wataalamu na wasanii. Habari ya Lettow-Vorbeck kutunukiwa ilimfikia kupitia kwa adui yake, Jenerali Jan Smuts, aliyemwandikia barua ya pongezi. Maofisa wa pande mbili walipongezana kiungwana, huku vijiji kati yao vikiteketea.

Ni nani aliyekuwa akitoa heshima hizo? Mwishoni mwa Agosti 1916 Kaisari Wilhelm wa Pili alimkabidhi Paul von Hindenburg uongozi wa majeshi yote, pamoja na msaidizi wake Erich Ludendorff. Tangu hapo Kaisari alibaki na taji, lakini neno la mwisho likawa la majenerali. Wanahistoria wengi wameuita utawala ule udikteta wa kijeshi ambao haukutangazwa. Tarehe 5 Desemba 1916 ilitoka sheria ya kuwalazimisha wanaume wote wa Ujerumani wenye umri wa miaka 17 hadi 60 kufanya kazi kwa ajili ya vita. Siku hiyohiyo ikaanzishwa nishani mpya, Msalaba wa Msaada wa Vita, kwa watu waliosaidia vita nyuma ya mstari wa mbele, wengi wao raia. Kwa kuwa madini bora yalihitajika kwa silaha, ulitengenezwa kwa zinki. Mkono mmoja ulishurutisha, mwingine ukapamba kifua.

Oktoba 1917, mwezi wa mapigano makali ya Mahiwa katika nchi ya Lindi, Lettow-Vorbeck aliongezewa majani ya mwaloni juu ya nishani yake. Mwezi uliofuata aliuvuka Ruvuma akiwa na Wajerumani wapatao 300, askari wapatao 1,700, na wapagazi, wanawake na watoto kwa maelfu.

Hapa ndipo nishani inapoanza kunyamaza. Jeshi lile halikuwa na reli wala magari. Kila risasi, kila gunia la mtama, kila kitanda cha ofisa kilisafiri juu ya kichwa au bega la mtu. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo, kwa wingi zaidi: wapagazi wao waliokufa wanakadiriwa kufikia 95,000, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi chao. Wapagazi wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa hivyo. Chakula kilichukuliwa ghalani mwa wakulima, na vijana waliopaswa kulima walichukuliwa kubeba mizigo. Ludwig Deppe, daktari katika jeshi la Lettow-Vorbeck mwenyewe, aliandika baadaye kwamba walikopita waliacha nyuma mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa.

Tarehe 28 Septemba 1918 waliuvuka tena Ruvuma, safari hii kuja kwetu. Walipita jirani na Songea wakielekea Njombe, katika nchi ambayo haikuwa imesahau Maji Maji na njaa yake. Misioni za Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, na Kigonsera, iliyoanzishwa mwaka 1899, zilikuwa katika eneo lililoshikwa na Waingereza tangu mwaka 1916. Baadhi ya Wangoni waliokuwa katika msafara, walipoona milima ya kwao, waliondoka wakarudi nyumbani. Lettow-Vorbeck mwenyewe alikiri katika kumbukumbu zake kwamba ingekuwa vigumu kumtaka binadamu apite mlangoni kwa watu wake, asiowaona kwa miaka, bila kugeuka. Jeshi liliwaita watoro. Bila shaka mama zao waliwapokea kwa jina jingine.

Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba. Habari ilimfikia siku mbili baadaye, na tarehe 25 alikabidhi silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Alikuwa na Wajerumani 155, askari 1,168 na wapagazi zaidi ya 1,500. Aliwaomba Waingereza wawalipe askari wake malimbikizo ya mishahara, walikataa. Yeye na maofisa wake walipokelewa Berlin Machi 1919 kwa gwaride la mashujaa. Askari walirudi vijijini mikono mitupu.

Huko kwao alizima kwa silaha machafuko ya Hamburg mwaka 1919, na mwaka uliofuata aliunga mkono jaribio la kuipindua serikali lililoongozwa na Wolfgang Kapp. Lilishindwa, naye akaondolewa jeshini. Mwaka 1928 aliingia bungeni kwa chama cha wahafidhina. Agosti 1939, siku chache kabla ya vita vingine, utawala wa Hitler, udikteta wa wazi kabisa, ulimpa cheo cha heshima cha jenerali. Vita hivyo viliwachukua wanawe wawili. Nyumba yake iliharibiwa kwa mabomu, na katika dhiki yake alipelekewa chakula na Smuts, adui wa zamani. Tendo hilo linatugusa kuliko gwaride la Berlin.

Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Waziri wa Ulinzi aliyemwaga kwa hotuba, Kai-Uwe von Hassel, alizaliwa Gare, Lushoto. Mwaka huohuo Ujerumani ikakubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Masimulizi yanayorudiwa mara nyingi husema kwamba wazee wengi waliofika Mwanza hawakuwa na cheti, hivyo wakapewa fimbo ya ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, nao hawakukosea. Siku hizi baadhi ya kambi na barabara za Ujerumani zilizokuwa na jina la Lettow-Vorbeck zimebadilishwa majina.

Tumwone basi kwa haki. Alikuwa jasiri, alivumilia njaa na homa pamoja na watu wake, na hata maadui walimheshimu. Lakini Aristotle anatufundisha kwamba heshima humtegemea zaidi anayeitoa kuliko anayeipokea, na kwa sababu hiyo haiwezi kuwa lengo kuu la maisha. Naye Mtakatifu Ambrosi anatuonya kwamba ushujaa usio na haki huwa chombo cha uovu. Nishani ya Lettow-Vorbeck ilipima jambo moja tu: amewasumbua maadui kiasi gani. Haikuuliza ghala la nani limefagiliwa.

Injili ina kipimo kingine. Siku ya Mateso, askari wa dola walimkamata mtu aliyekuwa akitoka shamba, wakamshurutisha abebe mzigo usio wake. Alikuwa Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika. Mtakatifu Marko ametuandikia jina lake na majina ya wanawe, Aleksanda na Rufo. Jina la ofisa aliyemkamata hakuliandika.

Familia nyingi kati yetu, kuanzia Umatengo hadi Mbamba Bay, zina babu aliyekwenda na mizigo ya vita vile. Novemba hii tuwaulize wazee majina yao, tuyaandike, na tuyapeleke parokiani katika nia za Misa. Na tunapomwombea jenerali, maana naye ni marehemu anayehitaji huruma ya Mungu, tuwataje pamoja naye wale waliombebea mizigo.