Charles de Foucauld: Padri aliyewangoja ndugu jangwani hadi kufa

JIONI ya Desemba 1, 1916, kundi la watu wenye silaha lilifika Tamanrasset, kijiji kilichoko kusini mwa Algeria. Walimtoa padri mmoja Mfaransa katika ngome ndogo alimokuwa akiishi, wakamfunga kamba na kumpigisha magoti. Muda mfupi baadaye, kijana aliyeachwa kumlinda aliingiwa na hofu, akampiga risasi.

Padri huyo alikuwa Charles de Foucauld, mwenye umri wa miaka 58. Kwa miaka mingi alikuwa ameomba apate walau ndugu wachache wa kuishi naye katika sala na kazi. Siku alipouawa, hakuwa na hata mmoja.

De Foucauld alizaliwa Septemba 15, 1858, mjini Strasbourg, katika familia yenye uwezo. Kabla hajatimiza miaka sita alikwishapoteza wazazi wote wawili, akalelewa na babu yake. Ujanani aliiacha imani, akaingia jeshini, na akasifika zaidi kwa karamu kuliko kwa nidhamu. Aliutapanya urithi wake kiasi kwamba ndugu zake walilazimika kuuweka chini ya uangalizi wa kisheria.

Safari iliyoanza kumbadilisha haikuwa hija. Mwaka 1883 aliingia Morocco, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imefungwa kwa Wakristo wa Ulaya, akijifanya rabi wa Kiyahudi. Kazi hiyo ya uchunguzi ilimpatia nishani ya dhahabu ya Chama cha Jiografia cha Paris. Lakini kilichobaki moyoni mwake ni sala za Waislamu aliowaona njiani, watu walioishi kila saa mbele za Mungu.

Oktoba 1886 alimwendea Padri Henri Huvelin katika kanisa la Saint-Augustin, Paris, akitaka kufundishwa dini. Padri huyo alimtaka kwanza apige magoti na kuungama. Alitii, na tangu siku hiyo hakurudi nyuma.

Kwa ushauri wa Huvelin alikwenda kuhiji Nchi Takatifu mwishoni mwa mwaka 1888. Katika vichochoro vya Nazareti alitafakari miaka ambayo Yesu aliishi kama fundi asiyejulikana, akaamua kuitafuta nafasi hiyo ya mwisho. Mwaka 1890 alijiunga na watawa Watrapisti, Ufaransa, kisha akahamia monasteri yao ya Akbès, katika Siria ya wakati huo. Hata huko aliona hajawa maskini vya kutosha. Mwaka 1897 aliruhusiwa kuondoka, akawa mtumishi wa watawa wa Mtakatifu Klara mjini Nazareti, akilala katika kibanda cha kuhifadhia zana.

Alipata upadri Juni 9, 1901, akaenda Béni Abbès, Algeria, karibu na mpaka wa Morocco. Alitafuta upweke, lakini mlango wake uligongwa kutwa nzima na maskini, wasafiri, askari na watumwa. Mwaka 1902 alianza kuwakomboa watumwa kwa fedha, huku akiwalaumu watawala wa Kifaransa kwa kuufumbia macho utumwa.

Mwaka 1905 alihamia Tamanrasset, miongoni mwa Watuareg. Huko jaribu kubwa lilimpata. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule, padri hakuruhusiwa kuadhimisha Misa bila Mkristo wa kuitikia, naye hakuwa na mtu. Krismasi ya mwaka 1907 ilipita bila Misa. Ukame na njaa vilikuwa vimeikumba nchi, na akiba yake alikwishaigawa. Januari 1908 akaanguka kitandani, mahututi.

Waliomwokoa ni majirani zake Waislamu. Katika njaa ile ile walizunguka umbali wa kilomita nne kutafuta mbuzi waliosaliwa na maziwa kidogo, wakamnywesha. Aliyekuja kutoa alijikuta akipokea. Mwisho wa mwezi huo Roma ilimruhusu kuadhimisha Misa peke yake.

Aliobaki nao aliwatumikia kwa kujifunza lugha yao. Kamusi yake ya Kituareg na Kifaransa, yenye juzuu nne, ilichapishwa baada ya kifo chake.

Hata hivyo, alibaki Mfaransa wa zama zake. Aliamini utawala wa Ufaransa ulistahili kuendelea, na baadhi ya rafiki zake walikuwa maofisa wa jeshi. Jambo hilo limewagawa wanaoandika habari zake hadi leo.

Ndugu aliowangoja walikuja akiwa kaburini. Mwaka 1933 René Voillaume na wenzake wanne walianza kuishi Sahara kwa kumfuata, na mwaka 1939 Magdeleine Hutin akaanzisha shirika la masista. De Foucauld alitangazwa mwenye heri mwaka 2005, na Mei 15, 2022, Papa Fransisko akamtangaza mtakatifu.