Wasifu wa Fumo Liyongo: Fanani na Hadhira Yake

Fumo Liyongo ni shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini ya Kenya, eneo la Pate, Shaka na Ozi. Maisha yake yalisimuliwa kwa mdomo kwa vizazi vingi kabla ya Muhamadi Kijumwa wa Lamu kuyatungia utendi mwaka wa 1913. Huko Kipini, wenyeji huonyesha kaburi linalosemekana kuwa lake.

Mapokeo yanamsifu kwa kimo, nguvu, shabaha na ufundi wa nyimbo. Mfalme wa Pate aliogopa kupokonywa kiti, akamfunga na kuamuru auawe.

Mamake Liyongo alimtuma kijakazi Saada ampelekee chakula, lakini walinzi walikula kizuri wakamwachia makombo. Ndipo Liyongo akamwimbia Saada wimbo: mama aoke mkate wa makapi, ndani afiche tupa. Walinzi waliusikia wimbo huo wasing'amue ujumbe. Mikate ilipoletwa, walijichukulia mizuri na kumwachia wa makapi.

Alipoulizwa haja yake ya mwisho, aliomba ngoma ya gungu. Watu wakaja na pembe, matoazi na upatu. Yeye aliongoza, wao wakaitikia. Na kila kiitikio kilipopanda, alikata pingu kwa tupa. Waitikiaji walidhani wanamuaga, kumbe sauti zao ndizo zilizomfungua. Alipojitokeza, hadhira ilitimka.

Baadaye mfalme alimshawishi mwanawe Liyongo kwa ahadi ya kumwoza bintiye. Kijana akamdadisi babake hadi akajua kwamba kinachoweza kumuua ni sindano ya shaba kitovuni. Akamchoma akiwa amelala. Liyongo alijikokota hadi kisimani, akapiga goti na uta mkononi, akafa hivyo. Kwa siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai.

Zingatia: Katika fasihi simulizi, maana haitokani na maneno pekee. Hutegemea anayesema, anayesikiliza, mahali na namna ya kuitikia. Wimbo ulioimbwa mbele ya maadui ulimwokoa Liyongo. Neno wazi alilomwambia mwanawe faraghani lilimwangamiza.

Swali: Kwa kurejelea kisa cha gungu, eleza jinsi hadhira inavyochangia ufanisi wa fanani. (alama 10)