Jackson wa Kapretwa: Mkulima wa kahawa aliyefuga viwavi

KWA mkulima wa Trans Nzoia, kiwavi ni adui. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017 na kushambulia mahindi kuanzia Busia na Bungoma hadi Kitale, ni nadra kumpata mtu wa eneo hili anayemtazama kiwavi kwa jicho la huruma, sembuse kumtafutia majani mabichi ya kula kila asubuhi.

Hata hivyo, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mahali panapoitwa Kapretwa, aliishi mtu aliyefanya hivyo kwa miaka mingi. Thomas Herbert Elliot Jackson alikuwa mkulima wa kahawa. Lakini miongoni mwa wataalamu wa wadudu kote ulimwenguni, jina lake halikujulikana kwa kahawa. Lilijulikana kwa mayai, viwavi na vipepeo.

Jackson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903, alifika Kenya katika miaka ya 1920. Wakati huo ardhi nzuri ya Trans Nzoia ilikuwa imetengewa walowezi Wazungu, nao wenyeji, wakiwemo Wasabaot, walikuwa wamesukumwa kando. Historia ya mtu huyu haiwezi kutengwa na dhuluma hiyo, kwani shamba alilolima na msitu alioupekua vilikuwa katika nchi ambayo wengine waliijua kabla yake.

Msomaji asimchanganye na Sir Frederick Jackson, aliyekuwa gavana wa Uganda kuanzia 1911 hadi 1918. Huyo naye alipenda ndege na wadudu, na kipepeo mkubwa aitwaye Papilio jacksoni, aliyepewa jina hilo kitaalamu mwaka 1891, ni kumbukumbu yake yeye. Wakati huo Jackson wa Kapretwa alikuwa hajazaliwa.

Vipepeo waliomvutia zaidi Jackson wa Kapretwa walikuwa wadogo. Ni wale wa familia ya Lycaenidae, ambao wengi wao wana mabawa ya rangi ya buluu inayometameta, wasiozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba au sarafu. Mtu huwaona wakirukaruka juu ya majani ya barabarani na kuwapita bila kuwajali.

Kufikia miaka ya 1930, makavazi ya Ulaya yalikuwa na masanduku mengi ya vipepeo wa Afrika waliochomwa pini na kupangwa safu kwa safu. Upungufu ulikuwa mmoja, tena mkubwa. Wataalamu waliwajua kwa mabawa tu. Kuhusu wengi wao, haikujulikana hutaga mayai wapi, viwavi wao hula nini, wala huishi vipi kabla ya kuota mabawa. Ilikuwa sawa na kumjua mtu kwa nguo alizozikwa nazo.

Njia ya kuziba pengo hilo ni moja, nayo ni kumfuga mdudu tangu yai. Kazi hiyo haihitaji mashine. Huhitaji macho, subira na usafi. Mfugaji humfuata kipepeo jike na kutazama anatua kwenye mmea gani, kwa kuwa jike hachagui ovyo. Kila aina ina mmea wake, na kiwavi akipewa majani mengine huweza kususa hadi kufa kwa njaa. Yai likipatikana, huwekwa pamoja na jani lake ndani ya chupa au mkebe wenye hewa. Njia nyingine ni kuvisha tawi zima mfuko wa chandarua na kumfungia humo jike atage mwenyewe.

Baada ya siku chache yai huanguliwa. Kiwavi hula, hukua na kujivua ngozi mara kadhaa, kisha hujishikiza na kuwa pupa. Mfugaji hubadilisha majani yakinyauka na kuondoa kinyesi, kwani unyevu ukizidi huleta ukungu unaoua. Mara nyingine hungoja majuma mengi na badala ya kipepeo hutoka nyigu au nzi, ambaye mama yake alikwisha kumtaga ndani ya mwili wa kiwavi. Hiyo ni hasara kwa mfugaji, ila ni habari yenye thamani kwa mtaalamu.

Yeyote mwenye mlimau au mchungwa nyumbani anaweza kuyaona haya. Kiwavi wa kipepeo wa michungwa huanza akiwa na rangi inayofanana na kinyesi cha ndege, kisha hugeuka kijani. Akiguswa hutokeza pembe laini nyuma ya kichwa na kutoa harufu kali.

Jackson aliifanya kazi hii kwa aina ambazo ni ngumu kuliko huyo wa michungwa. Mwaka 1937 alichapisha, katika jarida la chama cha kifalme cha wataalamu wa wadudu mjini London, makala ndefu kuhusu hatua za mwanzo za baadhi ya Lycaenidae wa Afrika na tabia za viwavi wao. Makala hayo yangali yakirejelewa na watafiti hadi leo.

Ugumu wenyewe ulitokana na maisha ya ajabu ya viwavi hao. Wapo walao ukoga unaoota kwenye magome ya miti. Wapo wa jenasi ya Iolaus, ambao hula ile mimea inayojipachika juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya. Wengine wengi huishi na sisimizi. Kiwavi hutoa majimaji matamu kutoka mgongoni, nao sisimizi huyaramba na kumlinda dhidi ya maadui. Mfugaji akimtenga na walinzi wake, huenda akampoteza.

Mfano wa kushangaza zaidi ulichapishwa mwaka 1940, katika makala ambayo Jackson aliandika pamoja na mwenzake aliyeitwa Cripps. Walieleza maisha ya Lachnocnema bibulus nchini Kenya. Kiwavi wa kipepeo huyu hategemei majani. Huwawinda wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, na pia hulishwa na sisimizi mdomo kwa mdomo, kama kinda la ndege.

Ufugaji ulisaidia pia kutatua mzozo wa majina. Kuna kundi la vipepeo weusi wa jenasi ya Charaxes, wenye nguvu na kasi, ambao huvutwa na matunda yaliyooza na mavi ya wanyama. Madume yao hufanana mno, ilhali majike huwa na sura nyingi. Kwa kutazama mabawa pekee, ilikuwa vigumu kusema jike gani ni wa dume gani. Lakini mayai ya jike mmoja yakifugwa hadi watoto wote waote mabawa, ukoo hujidhihirisha wenyewe. Mwaka 1952, Jackson na Dkt V.G.L. van Someren wa Nairobi walichapisha mpangilio mpya wa kundi hilo, na kuuongezea mwaka 1957. Mwaka 1956 Jackson alikuwa pia ametoa orodha ya vipepeo wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda.

Kazi hizo zote hazikufanywa na mtu mmoja. Jackson aliwafunza Waafrika kukusanya vipepeo, akawatuma katika misitu ya Uganda, magharibi mwa Tanganyika na mbali zaidi. Ndio waliolala msituni, wakapanda miti na kuutambua mmea kwa jani lake. Kwao ujuzi wa wadudu haukuwa jambo geni. Katika jamii za Bungoma na Mlima Elgon, ambako kumbikumbi ni kitoweo, hata mtoto hujua ni mvua ipi huwatoa ardhini. Ila kwenye vibandiko vidogo vilivyochomwa pini chini ya vipepeo, jina lililozoeleka kusomwa ni la mwajiri. Hili ni deni ambalo historia ya sayansi nchini haijalilipa.

Jirani yake mmoja alikuwa na hamu kama yake. Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekuwa akikusanya wadudu tangu mwaka 1894, alianzisha makavazi ya binafsi nyumbani kwake karibu na Kitale mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia serikali ya Kenya mkusanyo wake pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa Desemba 1974 kando ya barabara ya Kitale kwenda Eldoret, nalo ndilo Makavazi ya Kitale. Vielelezo vingi vya Jackson, kwa upande wake, vimo Nairobi na London.

Baada ya uhuru mwaka 1963 walowezi wengi waliuza mashamba na kuondoka. Jackson alibaki, akafariki mwaka 1968. Mwaka huo huo sehemu ya Mlima Elgon upande wa Kenya ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa. Hata hivyo, nje ya mipaka ya mbuga hiyo misitu imeendelea kupungua, na mti unapokatwa huondoka na kiwavi wake. Kwa aina isiyokula mmea mwingine, hapo hapo ndipo mwisho.

Ujuzi alioutumia Jackson haukufa naye. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 huko Gede, uliwafunza wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo nyumbani na kuuza pupa ng'ambo. Wakulima waliokuwa wakitaka msitu huo ukatwe walipata sababu ya kuutetea.

Hata mkulima wa mahindi ana la kujifunza hapa. Kiwavijeshi vamizi ni mtoto wa nondo, na nondo huyo hutaga mayai yake kwa vifungu juu ya majani. Kiwavi akishakua hushuka ardhini kuwa pupa. Anayezijua hatua hizo humwahi adui angali yai. Anayemjua kiwavi siku anapoukuta muhindi umetobolewa, amechelewa. Na anayeweza kumtofautisha na viwavi wengine hatapoteza dawa na fedha kumuua kipepeo asiye na hatia kwenye ua la shamba lake.