Simo Häyhä

Simo Häyhä (17 Desemba 1905 – 1 Aprili 2002) alikuwa mkulima, mwindaji na askari mdunguaji wa Ufini. Alizaliwa Rautjärvi, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Milki ya Urusi.

Katika Vita vya Majira ya Baridi (1939–1940) alipigana na jeshi la Umoja wa Kisovyeti huko Kollaa. Anakadiriwa kuwa aliua askari zaidi ya 500 katika muda usiofikia siku 100, ingawa idadi kamili inabishaniwa.

Tofauti na wadunguaji wengi, hakutumia darubini ya bunduki, bali alilenga kwa kilengeo cha kawaida cha chuma. Katika baridi ya nyuzi 20 hadi 40 chini ya sifuri, kioo cha darubini huingia ukungu. Tena huakisi jua na kumfichua askari, na humlazimu kuinua kichwa zaidi.

Tarehe 6 Machi 1940 alipigwa risasi iliyovunja taya lake. Alipata fahamu tarehe 13 Machi, siku vita vilipokwisha. Uso wake ulibaki na kovu maisha yake yote.

Baadaye alirudia kilimo, uwindaji na ufugaji wa mbwa. Alifariki Hamina akiwa na umri wa miaka 96.