Phil Katz: jamaa aliyeacha herufi za jina lake kwenye kila ZIP

Leo siasa na soka tuweke pembeni kidogo. Nawaletea maisha ya mtu ambaye kazi yake mnaishika karibu kila mnapokaa kwenye kompyuta, ila jina lake wengi hawalijui.

Umeshusha faili, unalibonyeza, kompyuta inakuuliza ulifungue kwa programu gani. Sasa fanya hivi: lifungue kwa Notepad. Utaona alama za ajabu ajabu tupu, usiogope. Angalia herufi mbili za mwanzo kabisa. Ukikuta PK, hilo ni faili la ZIP, hata kama jina lake linaishia na kitu kingine. Ukikuta Rar, hiyo ni RAR. Ukikuta 7z, tafuta programu ya 7-Zip, ni ya bure na inafungua zote hizo.

Hiyo PK ni Phillip Katz. Ndo huyo jamaa mwenyewe.

Katz alizaliwa Novemba 3, 1962, Marekani, na maisha yake mengi yalikuwa Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Alimaliza digrii ya kompyuta mwaka 1984 kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee. Mchana alikuwa ameajiriwa kuandika programu, usiku anaandika za kwake. Mwaka 1986 akaanzisha kampuni yake, PKWARE, akifanyia kazi nyumbani kwa mama yake.

Enzi hizo wavuti haijazaliwa. Watu walibadilishana mafaili kwa laini ya simu, kompyuta moja inaipigia nyingine, na dakika zinahesabiwa. Wewe unayelipia kafe kwa dakika unaelewa maumivu yake! Faili likibanwa likawa dogo, umeokoa hela.

Programu iliyotamba kwa kubana ilikuwa ARC, ya Thom Henderson na kampuni yake ndogo ya SEA. Katz akatoa yake, PKARC, inayofanya kazi ileile kwa kasi zaidi. Watu wakaihamia. Mwaka 1988 SEA wakamshtaki. Mtaalamu aliyelinganisha programu hizo mbili alikuta hadi maelezo ya mwandishi na makosa ya tahajia yanafanana. Yaani jamaa alikopi, na mimi simtetei hapo. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka huohuo, PKWARE wakalipa dola 62,500 na kukubali kuachana na mambo ya ARC.

Cha kushangaza, mashabiki wengi walimuunga mkono Katz. Walimwona kijana mnyonge anayeonewa na kampuni kubwa, wakati SEA nayo ilikuwa kampuni ya watu wachache tu. Wakawasusa SEA.

Mwaka 1989 Katz akaja na kitu kipya: PKZIP, na mfumo wa ZIP. Na hapa ndo namvulia kofia. Aliandika maelezo ya jinsi faili la ZIP linavyopangwa, akayaweka wazi. Mtu yeyote duniani angeweza kutengeneza programu ya kulifungua bila kumwomba ruhusa wala kumlipa. Mwaka 1993 likaja toleo la 2 lenye njia ya kubana iitwayo Deflate.

Deflate inafanyaje? Chukua barua yenye maneno Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mara arobaini. Badala ya kuyaandika yote, inayaandika mara moja, kwingine inaweka alama ya kusema rudi nyuma hatua kadhaa uchukue yaleyale. Halafu herufi zinazojitokeza sana zinapewa kodi fupi, zile adimu kodi ndefu. Ndo maana maandishi yanapungua sana, lakini ukizipu MP3 au picha za JPEG hupati kitu. Hizo zimeshabanwa tayari.

Kwa vile mlango uliachwa wazi, ZIP imeingia kila mahali. Faili la Word la docx ni ZIP. Programu ya Android, ile apk, ni ZIP. Vitabu vya epub vilevile. Picha za PNG nazo zinatumia Deflate. Windows yenyewe ilianza kufungua ZIP bila programu ya nje kabla hata ya XP ya mwaka 2001.

Hela zilikuja, ila Katz hakuwa mtu wa ofisi wala wa watu. Alikuwa mpweke, na pombe ikamshika. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa kuendesha gari amelewa, akajitenga na kampuni, akawa anaishi kwenye mahoteli. Aprili 14, 2000 alikutwa amekufa chumbani kwenye hoteli moja hapohapo Milwaukee. Pombe ya miaka mingi ilikuwa imemharibu ndani. Alikuwa na miaka 37 tu, jamani.

Binafsi inaniuma. Mtaani kwetu nao wapo vijana wenye vichwa hatari, chupa inawamaliza taratibu na sisi tunacheka nao kijiweni. Ukiona mwenzako anazama, mfuate mapema, hata kama anajifanya hahitaji mtu.

Na ukifungua ZIP usiyoijua, tazama kwanza majina ya vilivyomo kabla ya kubonyeza. Faili linalojiita picha.jpg.exe sio picha, ni programu, na mara nyingi ni kirusi. Kama hujui aliyelituma, futa.

Haya wadau, mnamuonaje huyu jamaa: mwizi wa ARC au shujaa wa ZIP? Mwageni maoni.