Zsigmondy: Aliyetengeneza chujio la kunasa bakteria

MAJI maangavu ndani ya bilauri yanaweza kuwa yamebeba vijidudu vya homa ya matumbo au kipindupindu. Miongoni mwa waliowezesha maabara kuvibaini ni Richard Zsigmondy, mkemia aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel.

Zsigmondy alizaliwa Vienna, Austria, Aprili 1, 1865. Akiwa katika kiwanda cha vioo cha Schott mjini Jena, Ujerumani, kati ya 1897 na 1900, alivutiwa na vioo vyekundu vinavyopata rangi yake kutokana na chembe za dhahabu zisizoonekana kwa hadubini ya kawaida.

Mwaka 1903, yeye na Henry Siedentopf walitangaza hadubini inayomulika kutoka ubavuni. Chembe hizo zikang'aa gizani, mithili ya vumbi katika mwale wa jua upenyao dirishani.

Baadaye, akiwa profesa mjini Göttingen, alitafuta namna ya kuzichuja. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yeye na Wilhelm Bachmann walitengeneza utando wenye matundu madogo kupindukia.

Matundu hayo hayakutobolewa. Selulosi iliyobadilishwa kikemia iliyeyushwa katika vimiminika vinavyokauka upesi, ikatandazwa juu ya kioo na kuachwa kwenye hewa yenye unyevu. Kiyeyushi kilipopotea hewani na mvuke wa maji kuingia, selulosi haikuweza tena kubaki imeyeyuka. Ilijitenga, ikaganda kama wavu. Palipokuwa na kimiminika pakabaki matundu.

Siri ilikuwa unyevu. Hewa ikiwa kavu mno, utando hushikamana na kuziba. Kwa kudhibiti unyevu na kasi ya kukauka, matundu yaliweza kupatikana kwa ukubwa uliotakiwa, hata chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Alipewa Nobel ya 1925 kwa utafiti wa chembe hizo ndogo, si kwa chujio. Alifariki dunia Göttingen, Septemba 1929, miezi michache baada ya kustaafu.

Hakushuhudia manufaa makubwa ya utando wake. Vita vya Pili vya Dunia vilipoharibu miji ya Ujerumani, wataalamu waliutumia kupima maji: bakteria walinaswa juu yake, ukawekwa kwenye chakula cha vijidudu, kisha makundi yaliyoota yakahesabiwa.

Hadi leo, maabara za maji duniani hutumia njia hiyo kuamua kama maji yanafaa kunywewa.